Vinyama vya koo la mtoto vinavyorudi baada ya operesheni: majibu ya mama ambaye binti yake alifanyiwa mara 17

Habari zenu wanajukwaa. Swali la dada yetu nimelisoma tangu jana usiku na nimeshindwa kulipita. Kwa wanaoingia sasa: mwanawe wa kiume ana miaka mitatu. Ameonekana na vinyama kwenye koromeo, vikatolewa Februari, vikarudi, vikatolewa tena Aprili, na sasa sauti imeanza kukauka kwa mara ya tatu. Mawifi wanamwambia daktari "hakung'oa mizizi". Anauliza mambo matatu: ahame hospitali, akubali mtoto kutobolewa shingo kama daktari alivyogusia, au ampeleke kwa mzee mmoja Tanga anayesifika kwa dawa za koo.

Dada yangu, pole sana. Mimi si daktari. Ni mama wa binti wa miaka 12 ambaye amelala kwenye meza ya upasuaji kwa ugonjwa huo huo mara 17, ya kwanza Juni 2016 na ya mwisho Oktoba 2021. Nitakachoandika nimekiona kwa macho yangu au nimeelezwa na madaktari waliomtibu, na nimekiuliza mara nyingi mpaka nikakielewa.

Nianze na hayo ya mizizi, kwa sababu ndiyo yanayokunyima usingizi. Vinyama hivi ni chunjua, au sunzua kama wengine wanavyosema, ila zimeota kwenye nyuzi za sauti badala ya kuota kwenye kidole. Zinaletwa na kirusi kinachoitwa HPV, na katika aina nyingi za kirusi hicho, ni mbili zinazohusika hapa karibu mara zote: namba 6 na namba 11. Daktari wetu alinisimulia kuwa mwaka 1923 mwenzao mmoja wa Vienna, Ullmann, alichukua vinyama vya koo la mtoto, akavisaga, akajidunga mkononi mwake mwenyewe, na chunjua zikamwota pale pale. Kinachorudi ni kirusi. Kimejificha ndani ya ngozi laini ya koo, hata sehemu ambayo kwa macho na kwa darubini inaonekana safi kabisa. Daktari anaweza kutoa kila anachokiona na bado vikaota tena baada ya wiki nne, na hapo hajafanya kosa lolote.

Kuna jambo jingine ambalo sikuambiwa mapema na nadhani lingeniokoa machozi. Wakati mwingine daktari huacha kinyama kwa makusudi. Zile nyuzi mbili za sauti zinakutana kwa mbele kama ncha ya herufi V. Akisafisha pande zote mbili pale mbele kwa siku moja, vidonda vinagusana, vinaungana, na mtoto anabaki na utando unaoziba njia na kuua sauti. Utando huo hauponi kwa kusubiri. Kwa hiyo anasafisha upande huu leo, upande ule safari ijayo. Vivyo hivyo hachimbi chini sana, kwa sababu kovu la uzi wa sauti ni la maisha. Daktari anayetaka "kumaliza kabisa" kwa siku moja, mimi ndiye ningemwogopa.

Sasa nieleze tulivyofika huko, labda kuna mzazi mwingine anasoma na mtoto wake bado anaitwa mgonjwa wa pumu.

Binti yangu ni mzaliwa wa kwanza. Alianza kukauka sauti akiwa na mwaka na nusu. Kilio chake kilikuwa kama cha paka aliye mbali. Tukaambiwa mafua, tukaambiwa nimonia, kisha kwa zaidi ya mwaka mzima tukatibiwa pumu: mvuke, dawa ya kupuliza, vidonge, sindano. Silaumu mtu hapa, pumu ni nyingi na ugonjwa huu ni nadra. Lakini ishara zilikuwepo. Pumu kwa kawaida inapiga filimbi mtoto anapotoa pumzi. Wangu alikuwa anakoroma anapovuta pumzi, akiwa macho, ameketi, anacheza. Na pumu haimchukui mtoto sauti yake miezi na miezi. Mtoto mdogo akikauka sauti zaidi ya wiki tatu, nne, bila mafua ya kueleweka, anahitaji mtu amtazame kwenye koromeo kwa kamera. Ile nyembamba inapitishwa puani mtoto akiwa macho, umempakata, na inachukua dakika chache. Atalia, ndiyo. Lakini utajua. Hilo tu, lingefanyika mwaka 2015, lingetuepushia usiku wa Juni.

Usiku ule alikuwa karibu kutimiza miaka mitatu. Tulikuwa mkoani, mji mdogo. Niliamka kwa sababu mkoromo ulikuwa umekoma, nikadhani amepata nafuu. Nilipowasha taa nikamkuta ameketi mwenyewe kitandani, mikono ameikita kwenye magoti, kichwa amekisogeza mbele, jasho linamtoka. Kile kishimo cha chini ya shingo, juu ya mfupa wa kifua, kilikuwa kinadidimia kila anapovuta hewa, ungeweza kuweka punje ya hindi ikakaa. Mbavu zilikuwa zinachoreka. Hakuwa analia kwa sababu hewa ya kulilia haikuwepo. Kukoma kwa mkoromo hakukuwa nafuu, njia ilikuwa imefika mwisho wa kufunga. Baba yake alitoka mbio bila viatu kutafuta bodaboda.

Hospitali tuliyofika walimtoboa shingo usiku ule ule. Walituambia wazi: tukijaribu kupitisha bomba mdomoni tutavitonesha vinyama, vitatoka damu, na njia itafunga mikononi mwetu. Nilitia sahihi nikiwa natetemeka. Asubuhi alikuwa amelala, mdomo wa rangi yake, kifua kinapanda na kushuka taratibu, na hewa inapita kwenye kibomba kidogo shingoni.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu kutobolewa shingo ni hili. Kama pumzi inafunga, kubali, usiulize ndugu, usisubiri baba atoke safari. Kinaokoa. Lakini kama mtoto anapumua na kuna muda wa kumpeleka panapofanyika usafishaji, madaktari wenyewe hukiepuka, na wana sababu. Kirusi hiki kinapenda mahali palipojeruhiwa. Ukitoboa shingo, vinyama vinaweza kuota kuzunguka lile tundu na kushuka chini kwenye bomba la hewa, na vikishuka kuelekea kwenye mapafu, matibabu yanakuwa magumu zaidi. Wangu viliota pale kwenye tundu, viwili, kama vichwa vya njiti ya kiberiti. Ndiyo maana daktari wa Dar, aliyemtibu baada ya usiku ule, alisema tangu siku ya kwanza kuwa kazi yake ni kumtoa kile kibomba mapema awezavyo. Kilikaa miezi minane. Muulize daktari wako: amekigusia kwa sababu njia inafunga sasa hivi, au kwa sababu ratiba ya chumba cha upasuaji ni ndefu? Ni maswali mawili tofauti na majibu yake ni tofauti.

Ikiwa itabidi, nikutoe hofu kidogo. Utafundishwa kunyonya makohozi kwa mashine, kubadilisha mkanda wa shingoni, kusafisha kibomba cha ndani. Usiondoke wodini mpaka umefanya mwenyewe mbele ya nesi, si mara moja, na baba naye afanye, na yeyote anayelala na mtoto. Uwe na kibomba cha akiba cha saizi yake na kingine kidogo kuliko hicho, vikae kwenye mfuko unaotembea na mtoto popote. Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo ulizia na mashine ya kunyonya ya kukanyaga kwa mguu. Maji ndiyo adui: kuoga ni kwa kufuta na kitambaa, na ndoo zilizojaa zifunikwe. Mtoto mwenye kibomba hana sauti ya kukuita. Binti yangu alijifunza kugonga kijiko kwenye sahani ya bati, mara mbili maana yake "njoo", mara nyingi mfululizo maana yake kohozi limekwama. Hata leo kijiko kikianguka usiku nakurupuka.

Usafishaji wenyewe unakuwa hivi. Mtoto anakaa na njaa kwa saa walizokupangia, na tafadhali usimwonee huruma ukampa uji, tumbo likiwa na chakula wakati wa dawa ya usingizi kinaweza kuingia kwenye mapafu. Anapewa usingizi. Daktari anapitisha bomba la chuma mdomoni mpaka kwenye koromeo, analiegemeza, kisha anatazama kwa darubini kubwa na kuvitoa vinyama kwa koleo ndogo, au kwa mashine inayokata na kunyonya kwa pamoja, au kwa leza. Hakuna mshono wala kidonda cha nje. Ugumu uko hapa: daktari mpasuaji na daktari wa usingizi wote wawili wanatumia njia ile ile moja ya hewa, ambayo kwa mtoto mdogo ni nyembamba kuliko penseli, na tayari imejaa vinyama. Ndiyo maana timu iliyozoeana ina maana kuliko mashine mpya. Sisi tulianza kwa koleo tu, mashine ikaja baadaye, na safari za koleo hazikuwa mbaya.

Baada ya ile ya kwanza daktari alinionyesha kichupa cha dawa chenye vipande vilivyokuwa vinakwenda maabara. Vilikuwa vyeupe vya waridi, vimejikunja kunja kama koliflawa ndogo, na vyote pamoja havikufika kijiko cha chai. Nilishangaa kitu kidogo namna ile kilivyotaka kuniulia mtoto. Hakikisha na wewe unapata majibu ya maabara kwa maandishi, uyatunze. Kwa watoto ni nadra sana vinyama hivi kugeuka saratani, lakini hutokea, na ndiyo sababu vipande hupelekwa tena kila baada ya muda. Hiyo pia ndiyo sababu ya kuweka mtoto mbali na moshi wa sigara. Zamani huko nje walijaribu kuvichoma kwa mionzi, na baadhi ya watoto wale walipata saratani miaka mingi baadaye, ikaachwa. Mtu akikutajia mionzi, kataa.

Ushauri ninaoutaka ubaki nao, hata kama mengine utayasahau, ni huu: acha kuhesabu operesheni, anza kuhesabu siku kati ya operesheni na operesheni. Mimi nilikuwa nahesabu operesheni. Ya pili, ya tatu, ya nne, na kila moja niliichukua kama tumeshindwa. Nesi mmoja mtu mzima, aliyekuwa anatuona kila tukija, alinipa daftari la mtoto wa shule la kurasa 48 akaniambia, "Mama, andika tarehe tu." Nikaandika. Kati ya ya kwanza na ya pili siku 28. Kisha 33. Kisha 30. Kisha 61. Mwaka ule wa 2016, kuanzia Juni, alifanyiwa mara tano. Mwaka 2017 mara tano. Mwaka 2018 mara tatu. Mwaka 2019 mara mbili. Mwaka 2020 mara moja, Julai. Kisha miezi kumi na mitano kimya, na moja ya Oktoba 2021. Ukitazama idadi, 17 inatisha. Ukitazama nafasi, unaona mwili wa mtoto unajifunza polepole kukikalia kirusi. Daktari naye aliliomba lile daftari kila safari kabla ya kufungua faili.

Kwa sababu kirusi hakina dawa ya kukifuta, lengo la kila usafishaji ni mtoto apumue, abaki na sauti, na asijeruhiwe koo, mpaka mwili wake utulie. Kwa wengi hutulia. Kwa wengine huchukua miaka michache, kwa wengine huenda na kurudi hata ukubwani. Watoto walioanza wadogo sana, chini ya miaka mitatu, mara nyingi ndio wanaosumbuliwa zaidi, na aina ya 11 ni kali kuliko 6. Mwanao ana miaka mitatu na nafasi yake ya kwanza ni kama miezi miwili. Ni bora kuliko tulivyoanza sisi.

Daftari lina kazi nyingine. Madaktari wa ugonjwa huu wana kipimo chao: mtoto akihitaji usafishaji zaidi ya mara nne kwa mwaka, au vinyama vikianza kushuka chini kwenye bomba la hewa, au vikirudi haraka mno, huo ndio wakati wa kuzungumzia dawa za kusaidia operesheni. Kuna sidofoviri, inayodungwa pale pale kwenye koo wakati wa upasuaji. Kuna bevasizumabu, dawa ya saratani ambayo madaktari wa macho pia wanaitumia, inakata mishipa midogo ya damu inayolisha vinyama. Ikipitishwa kwa dripu imewasaidia sana wagonjwa wenye hali mbaya, hata wale ambao vimeshuka mapafuni. Anayepewa anafuatiliwa shinikizo la damu na mkojo, na vinaweza kurudi dawa ikisimamishwa. Binti yangu hakupata yoyote kati ya hizo. Wakati tunataka kulizungumzia zaidi, nafasi zikaanza kurefuka zenyewe. Lakini ukifika mara nne ndani ya mwaka, mwulize daktari kwa jina la dawa, usione aibu.

Mtaona pia mtandaoni habari za dawa mpya Marekani. Ni kweli, Agosti 2025 mamlaka yao ya dawa iliidhinisha dawa ya kwanza kabisa ya ugonjwa huu, inaitwa Papzimeos, sindano nne chini ya ngozi ndani ya wiki 12, inayofundisha kinga ya mwili kukipiga kirusi cha 6 na cha 11. Katika jaribio lake watu 35 walipewa, na 18 kati yao walikaa mwaka mzima bila kuhitaji operesheni. Nililia niliposoma. Ila imeidhinishwa kwa watu wazima, kwa hiyo kwa mwanao wa miaka mitatu si habari ya leo. Asije mtu akakuuzia kitu kwa jina hilo.

Sasa hili la mawifi. Wakishajua kuwa kirusi chenyewe ni kile kile kinacholeta chunjua za sehemu za siri, na kwamba mtoto mara nyingi anakipata kwa mama wakati wa kuzaliwa, maneno yatabadilika. Kwangu yalibadilika. Niliambiwa nimemletea mtoto ugonjwa wa uhuni. Nilimwomba daktari amweleze mume wangu mbele yangu, na alifanya hivyo kwa subira, akachora koo kwenye karatasi. HPV imeenea kiasi kwamba watu wengi walio kwenye ndoa au mahusiano wamewahi kuipata wakati fulani wa maisha na hawajui, haina dalili, inaweza kukaa miaka. Haisemi nani alitoka nje ya ndoa wala lini. Denmark walifuatilia kina mama waliokuwa na chunjua wakati wa ujauzito, na watoto waliopata vinyama vya koo walikuwa kama 7 katika kila 1,000. Yaani hata pale kirusi kinapoonekana kwa macho, karibu watoto wote hawapati. Kuzaa kwa upasuaji nako hakukuonekana kuwakinga. Hakuna ulichokifanya na hakuna ulichoacha kufanya. Nenda na mumeo kliniki safari ijayo, asikie kwa masikio yake. Mume wangu tangu siku ile ndiye aliyekuwa anawajibu dada zake.

Kuhusu mzee wa Tanga. Sitakutukania mtu aliyepewa heshima na jamii yake. Nitakwambia tu yaliyotupata. Bibi wa binti yangu, kwa mapenzi, alimpeleka akakatwe kimeo tukiwa hatupo, akiwa na miaka miwili. Alitokwa damu, akashindwa kumeza siku nne, na sauti ikabaki ile ile. Kimeo kinaning'inia juu, nyuma ya mdomo, unakiona mtoto akipanua kinywa. Vinyama viko chini zaidi, kwenye nyuzi za sauti, ambako hakuna mkono wala kisu cha nyumbani kinachofika. Na dawa za kunywa hazipiti huko, zinapita njia ya chakula. Za kujifukiza ndizo ninazoziogopa zaidi, mvuke mkali ukivimbisha koo ambalo tayari limebaki na upenyo mdogo, hutawahi hospitali. Mchukulie mzee huyo soda, mwombe dua, mtoto mbakishe karibu na hospitali.

Kuhama hospitali: kwa kuwa vimerudi tu, hapana. Ugonjwa huu unahitaji daktari anayelijua koo la mwanao kama njia ya nyumbani kwake, anayekumbuka safari iliyopita aliacha nini na wapi. Kila ukihama unaanza upya. Ningehama kwa sababu nyingine: kama hakuna daktari bingwa wa masikio, pua na koo anayezoea watoto, kama hakuna daktari wa usingizi wa kuaminika, au kama unaambiwa usubiri miezi huku mtoto anavuta pumzi kwa shida. Tanzania hospitali kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina idara za masikio, pua na koo, na Kenya wenzetu wana Kenyatta. Ukienda, beba barua ya rufaa, majibu ya maabara na tarehe zote.

Shuleni msimfiche. Haambukizi wenzake kwa kukaa nao, kula nao wala kukohoa. Mwalimu wa binti yangu wa darasa la kwanza alidhani ni jeuri kwa sababu haitiki wakati wa kuita majina. Nilikwenda nikaeleza. Kuanzia hapo mwenzake wa dawati ndiye aliyekuwa anaitika "Yupo!" kwa niaba yake, na aliendelea hata sauti iliporudi, mpaka la tatu.

Kwenu wenye mabinti, na wavulana pia: kirusi hiki kina chanjo, ila si kila chanjo ya HPV inakifikia. Zipo zinazokinga namba 16 na 18 tu, zile za saratani ya mlango wa kizazi. Zipo zinazokinga na 6 na 11 pia, na hizo ndizo zinazokata ugonjwa huu kwa kizazi kinachokuja, kwa sababu binti aliyechanjwa hatakuwa nacho siku ya kujifungua. Australia walianza kuchanja wasichana 2007 kwa chanjo ya namna hiyo. Mwaka 2012 watoto wapya wenye vinyama vya koo walikuwa 0.16 katika kila watoto 100,000, na kufikia 2016 wameshuka hadi 0.02. Katika watoto 15 waliopatikana miaka ile mitano, hakuna hata mmoja ambaye mama yake alikuwa amechanjwa kabla ya ujauzito. Rwanda walianza 2011, sisi Tanzania 2018, Kenya 2019. Nikisikia mzazi amemzuia binti yake siku ya chanjo kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp kwamba inaleta ugumba, naumia moyo. Chanjo haiponyi mwenye vinyama tayari, ingawa madaktari wengine huwapa hata wagonjwa wakitumaini nafasi zitarefuka. Wangu alichanjwa shuleni 2024.

Dada, mambo ya usiku wa leo. Mrekodi kwa simu sekunde ishirini akiwa anaongea na sekunde ishirini akiwa amelala, kila Jumapili, ili daktari asikie sauti inavyobadilika. Mvue shati umtazame kishimo cha shingo na mbavu akiwa ametulia. Kikididimia, akikoroma akiwa ameketi, akikataa kula kwa sababu ya pumzi, midomo ikibadilika rangi, au akilegea na kusinzia katikati ya kuhangaika, nenda usiku huo huo na usimlaze chali njiani, mpakate ameketi. Waambie watu wa mapokezi maneno haya: "Ana vinyama kwenye koromeo, amefanyiwa mara mbili, tafadhali msimtibu pumu."

Sauti ikiwa imekauka tu na pumzi ni nzuri, mpigie daktari Jumatatu umwombe tarehe ya kutazamwa kwa kamera kabla mambo hayajafika mbali. Usafishaji wa mapema ni mfupi na salama kuliko wa kukimbizana. Tarehe zako mbili za Februari na Aprili ziandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Akishatazamwa, rudi hapa kwenye uzi utuambie vimekaa upande gani na daktari amepanga nini, tuendelee kutokea hapo.